Hesabu ya Vyuma vya Uti wa Mgongo

Mchimbaji mdogo wa Nyamongo akianguka shimoni na kuvunjika uti wa mgongo, safari yake ya tiba ni ndefu: Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996. Huko mabingwa huunga pingili kwa skrubu na fito za chuma. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini ankara nayo yataka macho.

Katika orodha ya bei ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, huduma hutambuliwa kwa namba. Namba hizo si urasimu mtupu. Zikidaiwa skrubu sita pale zilipotiwa nne, Mfuko umeibiwa. Namba ikikosewa, hospitali yaweza kukosa haki yake. Vyuma vikishafunikwa na nyama, mashahidi ni wawili tu: picha ya eksirei na karatasi. Sharti zikubaliane.

Tangu mwaka 2001 watumishi wa umma wamechangia Mfuko huo. Mwalimu anayethibitisha huduma bila kusoma anaacha ghala la wenziwe wazi.

Mchimbaji asiye na bima yu mashakani zaidi. Jamaa zake wakiuza ng'ombe na kupewa jumla tupu, watajuaje walicholipia? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kumkinga. Pamoja na kinga hiyo, apewe ankara ya Kiswahili inayotaja kila chuma, idadi na bei. Wanaojua kusoma na waanze kuidai, kwa niaba ya wasiojua.