Betri ya simu iliyovimba isiishie kwenye shimo la taka

UKIPITA kwenye vibanda vya mafundi simu kati ya Himo na Holili, hutakaa muda mrefu kabla ya kumwona fundi akiweka betri juu ya meza na kuizungusha kwa kidole kama pia. Ikizunguka, basi imevimba. Betri nzima hulala bapa na kugoma. Iliyovimba ina tumbo, na ni tumbo hilo linaloizungusha. Ni kipimo cha kienyeji, lakini mara nyingi hakikosei.

Tatizo langu si kipimo, bali kinachofuata. Mteja hulipia betri mpya na kuondoka. Ile ya zamani inabaki kwenye boksi chini ya meza, pamoja na wenzake ishirini au thelathini, ndani ya kibanda cha mbao chenye paa la bati na jua la Holili mnajua lilivyo. Au mteja anaondoka nayo mfukoni, na huko nyumbani itaishia kwenye shimo la taka, chooni, au mikononi mwa watoto.

Ndugu msomaji, betri za simu tunazotumia, kuanzia ile ya kitochi hadi ya simu ya kupangusa, ni za lithiamu. Ndani yake kuna majimaji ya kemikali yanayowaka kama mafuta. Betri ikichakaa, ikichajiwa kwa chaja mbovu, ikianguka sana au ikiachwa juani, majimaji hayo huanza kuoza na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, ndiyo maana betri inatuna. Kwa hiyo uvimbe huo si upepo, kama wengi wanavyosema. Ni gesi inayoweza kushika moto, na moshi wake una sumu inayochoma macho na mapafu.

Wapo mafundi wanaoitoboa kwa sindano ili "ipumue", kisha wanairudisha kwenye simu. Naomba niseme wazi: huo ni mchezo wa hatari. Sindano inagusanisha tabaka za ndani ambazo hazitakiwi kugusana, na betri yaweza kuwaka papo hapo mkononi.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya simu feki tu. Mwaka 2007 kampuni ya Nokia iliwatangazia wateja wake kwamba betri milioni 46 za aina ya BL-5C, betri ambayo karibu kila kijiji hapa kiliijua, zingeweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa, na ikajitolea kuzibadilisha bure. Mwaka 2016 Samsung iliondoa sokoni simu yake ya Galaxy Note 7 baada ya kadhaa kuwaka moto. Kama waliokuwa na maabara za kisasa yaliwakuta hayo, betri isiyo na jina inayouzwa kwenye karai pale stendi tuitegemee kwa lipi?

Kwa mkulima na mfanyabiashara wa mpakani, hasara yake inahesabika kwa magunia. Mahindi na maharage yanayosubiri kuvuka kwenda Taveta hulala ghalani, na mlinzi huchaji simu humo humo, mara nyingi juu ya magunia yenyewe kwa sababu soketi iko karibu. Simu yenye betri iliyovimba ikiwaka usiku juu ya gunia kavu, mwenye mzigo ataamshwa na majirani. Hali kadhalika kihambani. Taka za nyumbani tunazichoma pamoja na majani makavu ya migomba, na betri iliyojificha ndani ya taka hizo hulipuka na kurusha vipande. Ukiifukia, ganda lake litaoza siku moja na kemikali pamoja na madini kama kobalti yatabaki kwenye udongo ule ule unaopanda mahindi.

Basi ufanye nini simu yako ikianza kufunguka mgongo yenyewe? Izime, usiichaji tena hata mara moja. Chomoa laini yako ya simu, maana ndiyo yenye pesa na namba za wateja. Kama mfuniko unafunguka kirahisi, itoe betri taratibu bila kuikunja, ubandike solotepu kwenye vile vyuma vyake vya kupitishia umeme. Kama mfuniko haufunguki kwa mkono, usichokonoe kwa kisu. Iache ndani ya simu. Weka kwenye chungu au kopo lenye mchanga mkavu, usifunge kwa kubana, kisha kopo likae nje kivulini, mbali na nyumba, ghala na watoto. Ikianza kutoa moshi, watu wakae mbali. Mwagia mchanga au maji mengi ukiwa upande upepo unakotoka. Na usiitume kwa fundi wa Arusha kwenye kifurushi cha basi, kwani abiria wa basi hilo hawana kosa.

Hapo mwananchi amemaliza sehemu yake. Lakini kopo litakaa nje mpaka lini? Kanuni za mwaka 2021 za udhibiti wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zipo, na NEMC ina ofisi ya kanda Arusha. Nairobi kuna kituo kinachopokea taka za aina hii, na kwa wengine wetu Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Hata hivyo huwezi kupakia gunia la betri mbovu kwenye boda boda ukavuka nalo. Chini ya Mkataba wa Basel, ambao nchi zote mbili ni wanachama, taka za kielektroniki hazivuki mpaka bila idhini ya maandishi ya serikali zinazohusika.

Mimi nadhani jawabu tunalo kwenye kreti ya soda. Hakuna anayetupa chupa tupu, kwa sababu chupa ina dhamana yake. Mwenye gari naye akinunua betri mpya hupunguziwa bei akirudisha mbovu, kwa kuwa risasi iliyomo ina soko. Kwa nini betri ya simu isiwekewe dhamana ya shilingi 500, ambayo mteja anarudishiwa akileta ya zamani? Najua wauzaji watasema bei itapanda. Itapanda kwa 500 kwa yule asiyerudisha tu.

Mzigo wa kukusanya usiachiwe fundi mwenye kibanda cha mbao. Vyama vya msingi vya ushirika vimezoea kupokea kahawa, kupima na kuandika risiti. Pipa moja la chuma lenye mchanga nje ya ofisi halitavishinda. Gharama ya gari la kulichukua pipa hilo mpaka kwa mpokeaji mwenye kibali iwe ya waagizaji wa simu na betri, ambao hulipia kila kontena linaloingia bandarini na majina yao yako kwenye karatasi za forodha.