Mshika mawili: Dakta Billy Taylor na muziki wetu

Kila mwenzetu aliyekuja ng'ambo na gitaa lake ameshaulizwa na mzazi kwenye simu: "Umekwenda kusoma au kupiga muziki?" Nasema hivi nikiwa mtu wa uhandisi, nisiyejua kupiga hata ngoma, kwa hiyo sijitetei mimi. Ila swali lenyewe limekaa vibaya, na kuna mzee mmoja wa Kimarekani ambaye maisha yake yanalijibu.

Billy Taylor alizaliwa 1921 Greenville, North Carolina, akakulia Washington. Baba yake alikuwa daktari wa meno, mama mwalimu. Yaani nyumba kama zile tunazotoka wengi wetu, ambako mtoto anatarajiwa kuwa "mtu". Alipoingia Virginia State College alianza na sosholojia. Mwalimu wake mmoja, Undine Smith Moore, akamsikia akipiga piano, akamshawishi abadilishe masomo. Akahitimu muziki 1942, na 1944 akafika New York, akapata kazi kwa Ben Webster kwenye mtaa wa 52. Baadaye akawa mpiga piano wa kudumu wa klabu ya Birdland. Humo alipiga na akina Charlie Parker na Dizzy Gillespie, na kwa kijana wa jazi wakati ule hakukuwa na pa kupanda zaidi ya hapo.

Angeweza kuishia hapo. Lakini jamaa alikuwa na tabia ya kueleza. Jazi ya akina Parker ilikuwa ngumu, watu wanasikiliza hawaelewi kitu, na yeye aliona ni kazi yake mpigaji kuwafungulia mlango. Mwaka 1958 aliongoza muziki wa kipindi cha televisheni kilichofundisha jazi. Katikati ya miaka ya 1960 akashiriki kuanzisha Jazzmobile kule Harlem: jukwaa la magurudumu linaingia mtaani, wanamuziki wakubwa wanapiga bure, watoto wanakaa ukingoni mwa barabara. Kuanzia 1969 hadi 1972 aliongoza bendi ya kipindi cha David Frost, Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza bendi ya kipindi cha namna hiyo. Na huku anatunga. Wimbo wake "I Wish I Knew How It Would Feel to Be Free" aliurekodi 1963, Nina Simone akauimba 1967, ukawa wimbo wa wapigania haki za raia. Walioishi hapa Uingereza zamani wanaujua bila kujijua, maana BBC waliutumia miaka mingi kufungulia kipindi chao cha filamu.

Kinachonigusa mimi zaidi ni mwaka 1975. Ana miaka zaidi ya 50, jina analo, kazi anazo, halafu anachukua udaktari wa elimu Chuo Kikuu cha Massachusetts, na tasnifu yake ni juu ya historia ya piano ya jazi. Jamani, sisi tunaolalamika kwamba tumezeeka kwa shahada tuna miaka 30!

Mtu atasema mshika mawili moja humponyoka, na kwamba angebaki na piano tu leo angetajwa sambamba na Thelonious Monk. Inawezekana. Siwezi kubisha kwamba Monk ana jina kubwa kuliko yeye. Lakini Taylor hakushika mawili. Alishika jambo moja kwa mikono mingi: alichofundisha ndicho alichopiga, na alichoandikia tasnifu ndicho alichokipiga usiku. Alisisitiza kwamba jazi ni muziki wa kiada wa Marekani, kisha akaenda vyuoni kuutetea hivyo.

Sasa tugeuke kwetu. Nyumbani tulikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Jina jazi, mpigo rumba. Nani kati yetu anaweza kumweleza mwenzake Mwingereza ni kwa nini? Nani anaweza kueleza kanuni na udi vilifikaje kwenye taarabu ya Unguja, au sebene inaanzia wapi kwenye wimbo wa Kikongo? Tunazicheza tu, tunatoka jasho, tunakwenda kulala. Usiku wa Afrika wa mwaka jana wapigaji wetu walipewa dakika kumi kati ya pilau na maonyesho ya mavazi, na hakuna aliyesema hata jina la wimbo.

Na mwaka huu kuna pendekezo mezani kwamba fungu la muziki lote liende kwa DJ na spika za kukodi. Ma-DJ sina ugomvi nao, nacheza kama kawaida. Lakini napinga. Tuna wenzetu watatu humu chamani wanaopiga vyombo vizuri, mmoja anasomea famasia. Wapewe saa nzima, siyo dakika kumi, wapige na waeleze, kipande kwa kipande, na mlango uwe wazi kwa chuo kizima bila kiingilio. DJ aanze saa nne usiku.

Kura ni kwenye mkutano wa mwisho wa muhula. Wenye kadi za uanachama ndio wanaopiga, kwa hiyo ambaye hajalipa ada alipe kabla ya siku hiyo.