Kipi kichomwe moto: mchezo wa majini au ramli?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya sala hapa Bariadi, mzee mmoja mfugaji alitujia akiwa amebeba kompyuta mpakato iliyofungwa ndani ya kanga. Aliiweka mbele yetu, akasema kwa uchungu kuwa mwanawe wa kidato cha tatu ameingia katika uchawi. Kila usiku, alisema, kijana yuko mbele ya chombo hicho akiita majini na mazimwi, akirusha moto kwa mikono na kufufua maiti. Alfajiri humpita akiwa usingizini. Mzee hakutaka mawaidha marefu. Alitaka kauli moja tu kutoka kwetu: akichome moto chombo hicho, au akizike?

Tulimwomba atupe muda. Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa hukumu juu ya jambo ni tawi la kulielewa jambo lenyewe, na sisi jambo hili hatukulielewa. Tukamwita kijana, tukamwambia: "Mwanangu, tuoneshe mchezo huu tangu mwanzo hadi mwisho, usitufiche kitu." Akastaajabu. Akatujibu: "Sheikh, ni mrefu. Unachukua kama saa arobaini hivi." Tukakubaliana kukaa saa moja na nusu kila usiku baada ya Isha, katika likizo ya Juni, kwa sharti kwamba Alfajiri asiikose msikitini.

Mchezo wenyewe unaitwa Final Fantasy VII. Ulitolewa mwaka 1997 na kampuni ya Square ya Japani kwa ajili ya mashine ya PlayStation, ukiwa katika diski tatu, kisha ukaingia katika kompyuta mwaka 1998. Haufanani na ile michezo ya mpira ambayo vijana huishindania katika vibanda vya gemu. Huu ni kisa. Mchezaji huongoza kundi la wasafiri, huwatafutia silaha na dawa, huzungumza na watu wa kila mji, na kadiri anavyopigana ndivyo nguvu zao zinavyoongezeka. Adui wa kwanza ni kampuni kubwa inayofyonza uhai wa ardhi ili kuzalisha umeme, huku matajiri wakiishi juu na mafukara wakiishi chini ya dari la chuma lisilopitisha jua. Adui wa pili ni askari mashuhuri aliyelewa kiburi hata akataka awe mungu.

Ni kweli kwamba humo mnaitwa viumbe vya kutisha vije vipigane upande wa mchezaji. Tulipoliona jina la mmoja wao tulimwambia kijana asimamishe mchezo. Jina hilo ni Ifriti. Tukamuuliza kama anajua limetoka wapi. Hakujua. Tukamsomea kisa cha Nabii Sulayman (AS) katika Suratun-Naml, pale ifriti wa kijini alipojitolea kukileta kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla Nabii hajasimama mahali pake, naye akatanguliwa na yule aliyekuwa na elimu ya Kitabu, ambaye alikileta kwa muda wa kupepesa jicho. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe mwenye elimu alimshinda." Yuko pia joka liitwalo Bahamut, jina ambalo katika vitabu vya kale vya maajabu vya Waarabu ni la samaki mkubwa aliyedhaniwa kubeba ardhi. Wako na wengine wenye majina ya miungu ya mataifa mbalimbali. Hayo tulimweleza wazi kuwa ni majina ya waabudiwa wasiokuwa na haki ya kuabudiwa, na kwamba Muislamu hapaswi kuyatukuza hata kwa mzaha.

Vipi kuhusu kufufua maiti? Mpiganaji akianguka vitani, mchezaji humwinua kwa unyoya wa ndege. Hilo ndilo mzee aliloliona akapatwa na hofu. Lakini kuelekea mwisho wa diski ya kwanza, msichana mpole wa kundi lile, Aerith, anauawa kwa upanga akiwa katika maombi, na hapo unyoya haufai kitu. Kijana alituambia kuwa mara ya kwanza alitumia wiki nzima kutafuta njia ya kumrudisha. "Nikirudia mchezo hata mara kumi, Sheikh, anakufa palepale." Mchezo ulioshitakiwa kwa kufufua maiti ndio uliomwonesha kuwa yako mauti yasiyo na dawa. Sisi tumeyasema maneno hayo juu ya mimbari mara nyingi, wala hatujui ni wangapi walioyasikia kama alivyoyasikia yeye.

Ndugu zangu, dini yetu haikatai hadithi za kubuni. Imepokewa na Abu Dawud kuwa Mtume (SAW) aliona miongoni mwa wanasesere wa Bibi Aisha (RA) farasi mwenye mbawa mbili. Alipouliza farasi gani huyo mwenye mbawa, Bibi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hakusikia kuwa Sulayman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume (SAW) akacheka hata magego yake yakaonekana. Wazee wetu wa pwani walikesha wakisikiliza utenzi wa Ras al-Ghuli, wenye mashujaa na maajabu yasiyokuwamo katika sira sahihi. Na huku kwetu Usukumani ni nani asiyesimuliwa na bibi yake habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo, akabaki mtoto Masala Kulangwa aliyelishinda na kuwatoa watu tumboni? Mzee wetu mfugaji alikulia katika hadithi hiyo. Haikumfanya mchawi.

Usiku mmoja wa wiki ya tatu kijana aliacha kucheza, akatazama chini. Akatuambia kuwa ng'ombe wanne wa baba yake wamekufa, na kwamba Jumanne iliyopita baba yake amekwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli alipewa kuku na fedha, akatazama vibuyu vyake, akasema mbaya wao ni mwanamke mzee, jirani upande wa magharibi, mwenye macho mekundu. Upande wa magharibi wa boma hilo anakaa bibi mmoja mjane.

Msomaji wa mbali huenda asielewe kwa nini usingizi ulituruka usiku ule. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na pamoja na pamba na mifugo tulirithi pia jeraha la zamani: mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Jeraha hilo lina miongo mingi. Operesheni iliyofanyika katikati ya miaka ya 1970 kupambana na mauaji haya Shinyanga na Mwanza iliishia kwa watuhumiwa kufia mikononi mwa dola, na Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwenyezi Mungu amrehemu, akabeba dhamana kwa kujiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani. Baadaye ukaja msiba wa ndugu zetu wenye ualbino, na mwezi Januari mwaka 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo marufuku hayaondoi imani iliyomo ndani ya vifua.

Na macho mekundu ni nini? Ni moshi. Nchi yetu imekwisha miti katika maeneo mengi. Mama zetu hupikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, tangu usichana hadi uzee. Macho yale yamewekundisha ugali tulioula sisi. Kisha mtoto aliyeshibishwa kwa moshi huo anaambiwa kuwa wekundu huo ni alama ya uchawi, naye anasadiki!

Asubuhi tulikwenda kwa mzee. Hatukumfokea. Tulimuuliza: "Mzee wangu, uliyetuletea kompyuta kwa kuogopa uchawi, Jumanne ulikwenda wapi?" Aliinamisha kichwa. Tulimkumbusha aliyoyapokea Muslim, kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala zake hazikubaliwi kwa siku arobaini. Na kumsadiki ni hatari kubwa zaidi, kwani Mtume (SAW) amelihesabu hilo kuwa ni kuyakufuru aliyoteremshiwa. Kisha tukamwita bwana mifugo. Akawapima ng'ombe waliosalia, akawakuta na kupe tele na dalili za ndigana kali. Mzee alikiri kuwa hakuwapeleka joshoni tangu mvua zilipoanza. Jioni tuliongozana naye hadi kwa yule bibi kumjulia hali. Mzee alibeba kilo mbili za sukari. Hakusema lolote kuhusu ramli, nasi hatukumlazimisha.

Sasa tupime, ndugu msomaji. Katika mchezo, moto unaorushwa ni picha. Kijana anajua ni picha, na akizima mashine hakuna aliyeungua. Adui anaonekana wazi, na nguvu zake zinahesabiwa kwa tarakimu mbele ya macho ya mchezaji. Katika ramli, adui ni jirani yako uliyeazimana naye chumvi, ushahidi ni kibuyu, na damu inayomwagika hairudi. Mzee alikuwa tayari kuchoma kioo, huku akimpa mpiga ramli kuku na fedha. Wala si yeye peke yake. Wangapi miongoni mwetu hufunga Ramadhani, na mtoto akiugua hupita mlango wa nyuma kwenda kwa mganga?

Hatusemi haya ili kuutakasa mchezo. Ule una makosa yake, na tuliyahesabu pamoja na kijana. Kwanza ni muda. Saa arobaini ni umri, na Mtume (SAW) ametufahamisha kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo wengi wamepunjika ndani yake, na kwamba mja ataulizwa siku ya Kiyama umri wake aliumaliza katika nini. Pili ni sala. Mchezo wowote, hata wa bao, ukimpitisha mtu wakati wa sala unageuka kuwa maasi kwake. Tatu, ndani ya mchezo huo mna mji wa burudani ambamo mchezaji huweka dau juu ya ndege wanaoshindana mbio. Hapo ni mazoezi ya kamari, na kijana wa leo ambaye mashine za kamari zimemfuata hadi kijijini hahitaji mazoezi hayo.

Wala tusidhani kuwa michezo hii itabaki kuwa ya lugha za wenzetu. Mwaka 2024 ulitolewa mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, chini ya uongozi wa Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, nao unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Shujaa wake ni mganga kijana anayepatana na mungu wa mauti ili arudishiwe baba yake. Ni kisa cha huzuni ya mtoto kwa mzazi, na huzuni hiyo ni ya haki. Lakini nani atakayekaa na mtoto wetu ambaye lugha hiyo anaielewa yote, amweleze kuwa mauti yako mikononi mwa Mola mmoja asiyefanyiwa biashara? Kiberiti hakiwezi kumweleza.

Kauli yetu kwa mzee ilikuwa hii: kompyuta airudishe kwa kijana, ikae sebuleni na si chumbani, ifungwe kabla ya saa nne usiku, na siku atakayokosa Alfajiri isifunguliwe. Tusikufiche, msomaji, tangu hapo kijana ameikosa Alfajiri mara mbili, na mara zote mbili baba yake ameitekeleza adhabu. Mchezo aliumaliza mbele yetu siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Na baba yake siku hizi ng'ombe huwapeleka joshoni kila wiki.

Wazazi, kaeni na watoto wenu mjue wanachokitazama. Maimamu wenzetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ramli isemeni kwa jina lake juu ya mimbari, na mkisikia kikongwe ametajwa msingoje Ijumaa ifike.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu na shirki iliyo dhahiri na iliyojificha, na awalinde mama zetu. Wabillahi tawfiq.