Kijana ni wa Miaka Mingapi?

Tunaposikia kwamba vijana wengi hawana kazi, yafaa tuulize kwanza: vijana wa umri gani? Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, huhesabu wenye miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unafika miaka 35. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 2018 iliwatazama wenye miaka 16 hadi 29.

Hilo si jambo la maneno tu. Mama wa miaka 27 asiye na kazi ni kijana kwa Mkataba na kwa Sinodi, lakini katika takwimu za Umoja wa Mataifa hayumo. Mpaka ukisogezwa, idadi hubadilika, ingawa maisha ya watu ni yaleyale. Na mpaka mpana nao huficha: mwanafunzi wa miaka 16 na baba wa miaka 34 hutiwa kapu moja.

Sensa ya mwisho ya nchi yetu ni ya mwaka 1984. Kwa hiyo daftari la parokia lina thamani. Tunapowaandikisha wanachama, tuandike mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja. Hapo mtafiti yeyote ataweza kuhesabu kwa mpaka wake, na hakuna atakayepotea.