Bunge Lilipokuwa Halina Mwanamke

Mwanasiasa mmoja anayeomba kura za mwambao alisimama juma lililopita mbele ya umati, na baada ya kuwaahidi watu maji, barabara na karo za watoto, akaona haja ya kuinakshi hotuba yake kwa kusema kwamba viti vya wanawake Bungeni vifutwe, kwani wenye kuvikalia, hususa wale walioteuliwa pasi na kupigiwa kura, hawana mchango wowote katika mijadala ila kuwapigia makofi wenzao. Umati ukacheka, na katika waliocheka walikuwamo wanawake wenye watoto mapajani. Kicheko hicho ndicho kilichoniudhi kuliko maneno yenyewe, kwani maneno ya mwomba kura hupita na upepo, bali kicheko cha umati ni dalili kwamba dhana hiyo imekwisha kukaa nyoyoni kama itikadi, na watu hawaiulizii tena ithibati.

Mimi naiuliza. Katika Bunge la 9 la Kenya, lililokuwa na wabunge 222 wa kuchaguliwa na kuteuliwa, wanawake walikuwa 18 tu, na miongoni mwao alikuwamo Bi Njoki Ndung'u, wakili aliyeingia kwa uteuzi wa chama, asiye na eneo la uchaguzi wala umati wa kumshangilia. Yaani ndiye hasa aina ya mbunge anayedhihakiwa majukwaani. Bibi huyo, kwa mswada wake mwenyewe usiokuwa wa Serikali, ndiye aliyelipa taifa Sheria ya Makosa ya Kingono, Nambari 3 ya mwaka 2006. Kabla yake, sheria yetu ya jinai iliwatambua wanawake na wasichana peke yao kuwa ndio wawezao kubakwa au kunajisiwa, kana kwamba mtoto wa kiume hana mwili, na wala haikuweka kima cha chini cha kifungo, hata hakimu akiona vema kumwachia mbakaji kwa adhabu hafifu, hapakuwa na kifungu cha kumzuia. Sheria ya 2006 iliweka miaka isiyopungua 10 kwa ubakaji, na kwa mwenye kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha.

Na wale waliopigiwa kura, wenye maeneo na mashabiki, walichangia nini katika mjadala huo? Mmoja wao alisimama Aprili 2006 akawaambia wenziwe kwamba mwanamke wa Kiafrika akikataa huwa amekubali, maneno yaliyowafanya wabunge wanawake wainuke na kutoka. Wengine wakahakikisha kwamba mume aliyemwoa mkewe kwa halali hashikwi na sheria hiyo. Kisha wakachomeka kifungu cha 38, kilichosema kwamba mwenye kumsingizia mtu kosa hilo apewe adhabu sawa na ya kosa lenyewe, ili kila msichana afikiriapo kwenda polisi akumbuke kwanza kwamba huenda akafungwa yeye. Kifungu hicho hakikufutwa hadi mwaka 2012. Huo ndio mchango wao, umo katika kumbukumbu za Bunge, na apendaye na akausome.

Nilikaa siku moja katika mahakama ya mji mmoja wa pwani, kesi ya mtoto ikisikizwa, na swali likawa ni umri wake, kwa sababu adhabu hupimwa kwa umri. Mama mtu akafungua fundo la leso, akatoa kadi ya kliniki iliyopauka kwa jasho, akamkabidhi karani, naye hakimu akaisoma tarehe kwa sauti. Mama yule hakujua kusoma, wala sidhani kwamba amepata kulisikia jina la mbunge aliyekifanya kipande kile cha karatasi kiwe na uzito wa kifungo cha maisha.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii, nami nitairudia hadi isikiwe: anayetaka kujua wanawake wanachangia nini Bungeni, na atazame lililotendeka walipokuwa hawamo. Mwaka 1959 ilipitishwa sheria iliyompa mama aliyezaa nje ya ndoa haki ya kumshitaki baba wa mtoto ili atoe matumizi. Mwaka 1969 Bunge la Kenya, lisilokuwa na mwanamke hata mmoja, liliifuta. Usiniambie habari za zinaa na murua, kwani sheria hiyo haikumsifu mzinifu. Ilimlisha mtoto, na mtoto hana dhambi. Wanaume walijadili mzigo wao, wakauona mzito, wakajitua. Desemba ya mwaka uo huo ndipo Bi Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu, alipokuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge. Lakini sauti chache hazifui dafu mbele ya halaiki, na mwaka 1979 mswada wa ndoa ulikataliwa kwa mara ya pili, huku wabunge wakilalamika waziwazi kwamba utamnyima mume haki ya kumrudi mkewe kwa kipigo.

Yuko aliyenijibu kwamba mwanamke hafai kwa mijadala kwa sababu ana mtoto wa kunyonyesha. Hoja duni kama hii sikudhani nitaisikia kwa mtu mwenye mvi! Tarehe 7 Agosti 2019, Bi Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia Bungeni na mwanawe wa miezi 5 kwa kuwa hakuwa na pa kumwacha, naye akaamriwa atoke. Tangu lini kitoto kichanga kikawa na kelele kuliko wabunge wanaotukanana?

Magazeti nayo yana sehemu yao ya taksiri. Mbunge mwanamke akitoa hoja ya kodi, huandikiwa kilemba chake. Na Bunge lenyewe, ambalo tangu Julai 1974 liliamriwa kusema Kiswahili, hadi leo miswada yake huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo raia wa kawaida hana njia ya kujua nani aliandika nini, akabaki kuamini aambiwalo na mwenye kipaza sauti.

Bwana yule atarudi kwetu kabla ya uchaguzi. Kina mama mliocheka, msimwache ashuke jukwaani kabla hajawatajia, kwa nambari na kwa mwaka, sheria moja aliyoileta mwanamume yeyote wa upande wake kumlinda mtoto wa mama mwenye leso. Msikubali jibu la barabara.