"Ku" Isiyo na Maana

Fasili ya mofimu imekaririwa hata ikawa kama dua: kipashio kidogo kabisa cha lugha chenye maana. Mwanafunzi huipokea sekondari, akaenda nayo chuo kikuu, na akihamia Uingereza au Marekani kufundisha Kiswahili huifungasha pamoja na vitabu vyake. Fasili hiyo ni mbovu, na ushahidi hauko mbali. Neno *anakula* latosha.

Mwalimu akiombwa alichanganue, ataandika *a-na-ku-l-a*. Nafsi, njeo, mzizi na kiishio ataviandika bila kusita. Kwenye *ku* ataandika "kiambishi cha kitenzi-jina". Kitenzi-jina kipi? Katika *kula kwake kumepungua*, *ku* ni kiambishi cha ngeli, na upatanisho unaonekana. Katika *anakula* hakuna ngeli wala upatanisho. Tena, kama ina maana, maana hiyo huenda wapi katika *akila*, *akala* na *hajala*? Mlaji ni yule yule, tonge ni lile lile. Hata *chakula amekila* haina *ku*, na hakuna msikilizaji aliyepungukiwa na habari.

Kinachoihitaji *ku* hii ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi *na*, *me*, *li* na *ta* havikubali kuubeba. *Ki*, *ka*, *ja* na *hu* huubeba. Kwa kuwa *-la* ni silabi moja tu, *ku* huitwa iwe mhimili pale ambapo kiambishi cha njeo kimekataa mzigo. Katika *amekila*, *ki* ya yambwa imekwisha kuubeba, basi *ku* haina kazi.

Wenzake wa sura moja wana maana kamili. Katika *hakula*, *ku* ni ya ukanushi wa wakati uliopita, kama katika *hakusoma*. Na *nitakula*, kinywani mwa zimwi la hadithi, ni mambo mawili: zimwi litapata chakula, au chakula chenyewe ni wewe. Mlengwa akibadilishwa, likawa *nitamla*, *ku* ya yambwa hujitenga mara moja. Mwanafunzi aliyeaminishwa kwamba kila kipande lazima kiwe na maana huizulia *ku* tupu maana isiyokuwapo, kisha (hili ndilo la kusikitisha) hupewa alama zote.

Watetezi husema wanaoanza wasichanganywe. Kinachowachanganya ni hiyo fasili: aliyejifunza ukubwani hukariri orodha ya njeo zenye *ku* na zisizo nayo, ilhali kanuni moja ya mkazo ingemtosha. Taaluma nayo haikungoja. Mwaka 1976 Mark Aronoff alionyesha kwamba *mit* katika *permit* na *remit* za Kiingereza haina maana ya pamoja, lakini hugeuka kwa namna moja katika *permission* na *remission*. Alomofu ndizo zilizoitambulisha mofimu, maana haikuwapo.

Ndivyo ilivyo kwa *kw*, alomofu ya *ku* mbele ya irabu, katika *ninakwenda*. Shina *-enda* lina silabi mbili. Mkazo una pa kutua, na wasemaji wengi wameiacha *kw* wakasema *ninaenda*. Wanaolikata neno hilo kwa wino mwekundu, kwa jina la usanifu, waonyeshe kwanza ni maana gani iliyopotea.