"Tutafukia baadaye"

Kila mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, niliyewahi kumuuliza habari ya mashimo aliyoyaacha wazi nyuma yake alinijibu kwa neno moja: baadaye. Tuchimbe kwanza, tupate, tutafukia baadaye. Na si wachimbaji peke yao. Diwani anasema hivyo, ofisa wa wilaya anasema hivyo, na wengi mnaosoma safu hii, nadhani, mnaamini hivyo: kwamba kutunza ardhi ni kazi ya mwisho, kazi ya mtu aliyekwisha kushiba.

Baadaye hiyo haipo. Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu hapa Tanzania ni ya miaka 7, lakini duara lenyewe haliishi miaka 7. Linaishi mpaka mbale, yaani mawe yenye dhahabu, zikatike, au maji yajae, au habari ifike kwamba kumetokea rashi kwingine. Siku hiyo matimba yanang'olewa, pampu inapakiwa kwenye guta, na wiki haiishi vijana wote wako kwenye machimbo ya Chunya. Atafukia nani? Kwa hela ipi? Hela ya machimboni ipo siku mbale zinapotoka. Zikishakatika, kinachobaki ni deni la aliyekopesha unga na dizeli. Anayepanga gharama ya kufukia iangukie siku hiyo amepanga isilipwe.

Shimo huanza kufukiwa siku linapochimbwa. Udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita 20 au 30 hivi, ndio wenye mbegu, mizizi na wadudu. Ukitengwa kando, katika rundo fupi, utarudishwa juu ya kifusi na nyasi zitaota. Ukichanganywa na mawe ya chini, umekwisha. Hata uje na tingatinga miaka 5 mbele, shimo utalifukia lakini utaambulia uwanja wa changarawe. Halafu kuna kubeba. Kifusi cha duara jipya kikimwagwa moja kwa moja ndani ya duara lililokufa, kimebebwa mara moja. Kikirundikwa pembeni kingoje baadaye, kitabebwa mara mbili. Hiyo ni hesabu ya mtu wa koleo, haidai shahada. Wapo wanaolalamika kuwa kifusi hakitoshi kwa sababu mbale zimekwenda karashani kusagwa. Jiwe likivunjwa huvimba. Waulize waliowahi kujaribu: mara nyingi kinachosumbua ni kifusi kinachobaki.

Sheria ipo, tena haina utata. Mwenye leseni ndogo anatakiwa kuwa na mpango wa utunzaji wa mazingira. Niliwahi kuonyeshwa mmoja na mzee mwenye duara mkoani Geita, ndani ya faili la plastiki lililofutwa vumbi kwa heshima zote. Ukurasa mmojawapo uliahidi kulinda kingo za mto. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia: kichuguu, migomba miwili, karasha likinguruma.

"Mzee, mto uko wapi?"

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Huu tulinakili kwa jirani, mwanangu. Mto utakuja mvua zikinyesha."

Ukaja kweli. Dimbwi la mwalo wake, pale anapooshea mchanga wa dhahabu, lilizuiwa na viroba vya mchanga tu, na chini yake, mwendo wa kurusha jiwe, kulikuwa na majaruba ya mpunga ya watu wengine. Masika hayo viroba vikaachia. Tope la kijivu likatandaa juu ya mpunga uliokuwa umefika magotini, na wenye mpunga hawakuwa na hisa hata ya gramu moja katika lile duara.

Afadhali lingekuwa tope tu. Imani ya "baadaye" ina pacha wake, nayo inasema mdogo huharibu kidogo. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa zebaki ambayo shughuli za binadamu hupeleka hewani. Sehemu yake inazidi theluthi moja. Ijaze zebaki chupa ya soda ya mililita 300, utaibeba kama mtu anayebeba kilo 4 za mchele. Ndiyo hiyo inayomiminwa kwenye beseni, ikakandwa kwa mkono mtupu pamoja na mchanga mzito uliokung'utwa kutoka kwenye blanketi za mwalo, ikakamuliwa kwa kitambaa, na donge likachomwa juu ya jiko la mkaa uani. Zebaki haiishi kwa kuchomwa. Inayopanda hutua juu ya bati lilelile linalokinga maji ya mvua, na isiyopanda inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa.

Marudio ndiyo yanayonifanya nishindwe kuvumilia habari za "mazingira ni anasa ya matajiri". Kukamata kwa zebaki mara nyingi huacha zaidi ya nusu ya dhahabu ndani ya mchanga. Kwa hiyo marudio hayatupwi, yanauzwa kwa mwenye matangi ya sayanaidi, tena kwa bei ya kutupwa. Huyo wa matangi ndiye tajiri. Mchimbaji aliyeogopa gharama ya kusaga vizuri na kukusanya kwa makini, bila kukimbilia zebaki, amemuuzia dhahabu nyingi kuliko aliyoichoma mwenyewe na kuuvuta moshi wake. Na sayanaidi haichagui: inayeyusha dhahabu, inayeyusha na zebaki iliyobaki, maji yakaitembeza mbali zaidi. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unalitaja jambo hilo miongoni mwa mabaya ya kukomeshwa kwanza.

Nitaambiwa niwaseme wakubwa. Mashimo yao nayo hayafukiwi yote, na siku yao nitawaandikia. Lakini kampuni kubwa hudaiwa dhamana ya ukarabati wakati bado inachimba, wakati hela ipo. Mdogo hadaiwi chochote. Watu wanaiita hiyo huruma. Mimi naona ni kumwachia mwenye mpunga alipe.

Mbona mizani ya kumdai tunayo? Tangu mwaka 2019 lilipofunguliwa soko la madini la Geita, mchimbaji anajua kwamba dhahabu ikishapimwa, makato ni palepale. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2017, mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Mizani ileile ikate kidogo kwa ajili ya shimo. Nilipomwambia hivyo yule mzee, hakucheka tena. "Hiyo hela mtaila," akasema.

Ana sababu ya kuogopa. Basi isiingie kwenye mfuko wa ofisi yoyote. Ikae kwa namba ya leseni, salio lake lisomeke kwenye simu kama muda wa maongezi, na kila duara likifukiwa, mwenyekiti wa kijiji na ofisa madini wakaliona kwa macho yao, fungu lake lirudi kwa mwenyewe. Akihamia Chunya kabla hajafukia, hela isimfuate. Ibaki na shimo, na atakayelifukia aichukue, hata akiwa ni mwenye jaruba.